Hendeli za milango ya Beetle ya zamani, ipi ndio orijino?

Mjukuu wa Shella, Malindi
Salaam aleikum wakuu. Nina Beetle, ile gari ndogo ya Volkswagen, ya marehemu babu, imekaa bandani kwa ami yangu miaka mingi na sasa nataka kuirudisha vile ilivyotoka kiwandani, sio kuipiga rangi tu. Shida ni milango. Wa kulia, kwa dereva, hendeli yake unabonyeza kitufe kwa dole gumba, wa kushoto unashika hendeli halafu unafinya kifyatuo kwa nyuma yake. Fundi mmoja aniambia ya kushoto ndio orijino maana kromi bado yang'aa, hiyo ya kulia imetoka vipele na unga mweupe niitupe ninunue mpya zifanane. Logibuku yasema 1967. Kabla sijatupa kitu, mtu hutambuaje ya kiwandani?

Baba Zuhura, Kilifi
Waalaykum salaam mwanangu. Usitupe! Kung'aa si ushahidi, hewa ya bahari hula ile iliyokaa hapa muda mrefu. Volkswagen walibadilisha hendeli kwa zamu zinazojulikana: mpaka katikati ya 1959 zilikuwa za kuvuta, modeli ya 1960 ikaja ya kitufe, ikaenda mpaka modeli ya 67, halafu kuanzia Agosti 1967 (hiyo ni modeli ya 68) ndio ikaingia ya kifyatuo. Mwaka wao wa modeli ulianza Agosti sio Januari, watu wengi hapo ndipo wanapochanganyikiwa. Logibuku nayo usiitegemee sana, gari laweza kuundwa mwaka mmoja likasajiliwa mwingine.

Inua kiti cha nyuma usome namba ya chesisi iliyopigwa kwenye ule mgongo wa katikati ya sakafu. Kuanzia modeli ya 65 mpaka ya 69 namba ina tarakimu tisa na ile ya tatu ndio mwaka, 115 ni modeli ya 65, 116 ya 66, hivyo hivyo. Ukishajua hapo, hendeli itajieleza yenyewe.

SpeaZaKale
Naongezea kwa Baba Zuhura. Ivue hendeli uangalie kwa nyuma. Za zamani nyingi zilitengenezwa na Huf wa Ujerumani, jina lao utalikuta limepigwa, pengine na namba ya spea. 111 au 113 mwanzoni ni Beetle, 211 ni ya lile basi lao dogo, 837 ni kundi la hendeli na vitasa vya milango, na namba ya mwisho ikiwa witiri ni upande wa kushoto, ikiwa shufwa ni kulia. Kopi nyingi ni nyepesi mkononi, kingo zake kali, na kromi imepakwa juu juu. Wakati wa kuvua tafuta skrubu kwenye ukingo wa mlango chini ya raba, usivute kwa nguvu maana ile chuma hukatika kama biskuti.

Na kabla ya kununua yoyote ya kitufe, linganisha mdomo wa nyuma unaosukuma kitasa, za 60 mpaka 67 kwa nje zafanana lakini ndani zilibadilishwa zaidi ya mara moja.

Mhunzi wa Amu
Huo unga mweupe ni zinki inaoza, chuma cha kawaida kingetoa kutu nyekundu. Yakhe, usiitie kwenye siki wala asidi, utarudi ukute mashimo. Ioshe kwa maji baridi na sabuni, ikauke, halafu mpelekee mtu wa kromi anayejua zinki: asage vipele, atie shaba kwanza, kisha nikeli, kromi mwisho. Akiruka shaba itafunuka tena upesi. Gharama yake si ndogo lakini utabaki na hendeli ya babu yako.

Mjukuu wa Shella, Malindi
Shukran sana wazee wangu. Namba inaanza 116! Na ya kulia kwa nyuma imeandikwa Huf. Kumbe hiyo mbovu ndio yenyewe. Sasa ya kushoto nibadilishe hendeli tu?

Baba Zuhura, Kilifi
Haitakaa mwanangu. Hendeli ya kifyatuo huendana na kitasa chake ndani ya mlango, kwa hivyo yaelekea mlango mzima ulitolewa kwa gari la 68 kuja juu. Linganisha vile vipokezi vya kitasa kwenye nguzo za milango, yaani vyuma ambavyo kitasa hushika mlango ukifungwa, cha kushoto kisipofanana na cha kulia basi nacho kilibadilishwa. Tafuta mlango wa modeli ya 65 au 66. Wa 64 kurudi nyuma usichukue hata ukiwa na kitufe, vioo vilipanuliwa modeli ya 65 na macho yataona tofauti hapo hapo.

Mjukuu wa Shella, Malindi
Nimeangalia, vipokezi havifanani kabisa. Basi natafuta mlango wa kushoto wa 65 au 66, kitasa na kipokezi chake viwemo, hata ukiwa na kutu chini nitauchomea. Mwenye nao Watamu, Kilifi mpaka Mombasa anitumie picha ya hendeli kwa nyuma.