Mjadala: Vyuo vikuu viache kutuma namba za kuingilia kwa SMS?

Mleta hoja: Wadau, vyuo vingi siku hizi vinataka uthibitisho wa hatua mbili. Ukishaweka nywila ya akaunti ya chuo, unaombwa namba nyingine ya tarakimu 6. Wengine wanasema SMS ifutwe, kila mwanafunzi atumie programu ya simu kama Google Authenticator. Mnaonaje?

Fundi_Seva: Ifutwe. Tapeli akipata wakala mmoja asiye mwaminifu, laini yako inahamia kwenye kadi nyingine na namba zote zinaingia kwake. Wewe unaona simu haina mtandao, unadhani mnara una hitilafu. Programu haitegemei laini. Siku ya kusajili unapiga picha msimbo wa QR, na tangu hapo simu na seva zina ufunguo mmoja wa siri. Kila sekunde 30 kila upande unakokotoa namba kutokana na ufunguo huo na saa. Bando halihitajiki, hata mtandao hauhitajiki.

Kitochi_Tu: Mkuu, kitochi hakisomi QR. Mwenye kitochi mfukoni na kompyuta ya maabara ataonaje matokeo yake? Halafu simu ikiibwa, ufunguo umekwenda nayo. Laini unairudisha, ufunguo je?

Fundi_Seva: Ndiyo kazi ya namba za akiba. Google inatoa 10, kila moja tarakimu 8, ukitumia moja imekufa. Zichapishe, uziweke pamoja na vyeti. Watu huzipiga skrinishoti wakaziacha kwenye simu ileile! Mwenye laptop yake na asiye na simu janja anaweza kutumia KeePassXC, programu ya kompyuta ya kutunza nywila, inatoa namba hizohizo.

Kitochi_Tu: Laptop yake, sawa. Ya maabara hapana.

Mkaguzi: Hapo Kitochi ana hoja, na mimi ningemwachia SMS. SMS dhaifu ni bora kuliko nywila peke yake. Ila wote wawili mmeruka jambo kubwa: ukurasa feki wa kuingilia unakuomba nywila na namba, kisha unazipeleka kwenye ukurasa halisi kabla sekunde hazijaisha. Programu haikukingi hapo. Kinachokinga ni ufunguo wa USB wa FIDO2, yaani kifaa kidogo unachochomeka kwenye kompyuta, kwa sababu wenyewe pamoja na kivinjari hukagua anwani ya tovuti. Ikiwa si ile uliyosajiliwa nayo, haujibu. Wanaoingiza alama za mitihani na wahasibu wapewe hizo, mbili kila mmoja, moja ikae kabatini.

Na kabla ya kulaumu programu, angalieni saa. Ukirekebisha saa ya simu kwa mkono ikapishana na ya seva kwa dakika tano, kila namba itakataliwa. Washa saa ya otomatiki, tatizo limekwisha.

Kitochi_Tu: Nakubali. Lakini aliyepoteza simu Ijumaa jioni, ofisi ya TEHAMA imefungwa, na ana mtihani wa mtandaoni Jumamosi?

Mkaguzi: Kwenye mfumo wa Microsoft msimamizi anaweza kumpa nywila ya muda, kwa kawaida ya saa moja, aingie na kusajili simu mpya. Itolewe dirishani kwa kitambulisho chenye picha. Ikitolewa kwa kupiga simu tu, tapeli naye atapiga.

Kitochi_Tu: Basi kabla ya kufuta SMS, tuambiwe Jumamosi nani anakaa dirishani.