Bosi kuniita "baby" mbele ya wateja halafu eti ndo Tanga, huu ujinga utaisha lini?

Wakuu habarini, leo nina hasira mnivumilie tu. Nipo Tanga mjini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na bosi wangu mtu mzima na mvi zake jina langu hajawahi kulitamka. Ni baby, mpenzi, mrembo wangu, siku akiamka vizuri ndo utasikia "asali wa moyo". Ukimkumbusha jina anacheka, "we nawe, huku Tanga bwana, mahaba ndo kwao".

Hapo kwenye kusingizia Tanga ndo naumia zaidi! Mama muuza bajia pale Ngamiani anamwita kila mtu mpenzi hadi makonda, na mi naitika kwa raha zote mana yeye hanisainii likizo wala mkataba. Huyu wetu mbona mhasibu, mama wa makamo, anamwita mama fulani kwa heshima? Mbona vijana wa stoo sio wapenzi wake? Na mkurugenzi akishuka kutoka Dar, mwanamke vilevile, ni "ndiyo madam, sawa madam" mikono nyuma. Kumbe adabu anayo, anachagua tu wa kumpa.

Juzi kaja mteja na karatasi za gari lake, bosi kapaza sauti toka ndani "baby wangu mhudumie mzee huyo". Mzee kanitazama juu mpaka chini, kanipa karatasi huku mkono wangu hauachii, "haya baby, namba yako niandikie hapo nyuma". Wenzangu kimya, mmoja kajifanya yupo bize na simu. Nilitamani nimrushie stepla.

Na nyie mtakaokuja na "dada unajisikia, utani tu huo" msijisumbue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inahesabu bughudha kazini kuwa ni ubaguzi, na Kanuni ya Adhabu 138D inagusa mpaka maneno sio kushikwa tu, kifungo mpaka miaka 5. Ila sheria iko kwenye karatasi na mkataba wangu uko kwenye droo yake, nikinuna kidogo tu naambiwa nina kiburi na wateja.

Kuna aliyewahi kupeleka kitu kama hiki CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, hapa Tanga? Ulianza na barua ofisini au uliingia moja kwa moja? Malalamiko yasiyo ya kufukuzwa kazi mwisho wa kuyapeleka CMA ni siku 60 tangu mgogoro utokee, na mi sina mpango wa kuzimaliza nikiitwa asali.