Tupeane uzoefu: unafanyaje uzi usitatane wakati unafuma?

Wadau wa sindano na kroshia, habari zenu.

Nimemaliza shali ambayo uzi wake ulinichosha kuliko ufumaji wenyewe. Nilikuwa navuta uzi kutoka nje ya donge, na kila nikivuta donge linaruka sakafuni, linazunguka mguu wa kiti na kurudi na vumbi. Nikabadili, nikaanza kuvuta kutoka katikati. Donge lilitulia kweli, nikafuma siku mbili kwa raha. Nilipokaribia mwisho, lile ganda la nje likabomoka lote kwa mpigo, na uzi uliobaki ulikuwa umejisokota mno: nikiulegeza kidogo tu unajikunja wenyewe na kufanya vifundo.

Nilikaa nikalichunguza lile donge hadi nikaelewa. Ukivuta uzi kutoka kwenye donge lisiloviringika, kila mzunguko unaotoka unabadilisha msokoto wa uzi. Donge likiviringika, msokoto unabaki kama ulivyotoka kiwandani. Kwa hiyo sasa natumia bakuli zito la udongo, pana kiasi cha donge kugeuka ndani yake, naliweka chini upande wa mkono unaoshika uzi, na navuta kutoka nje. Bakuli jepesi la plastiki halinisaidii, linafuata uzi. Na uzi ukishajisokota, nabana donge kwa pini lisifunguke, naliacha lining'inie hewani kwa uzi wake, linazunguka lenyewe mpaka linatulia.

Ninyi mnafanyaje? Semeni na pale mlipoharibu, ndipo tunapojifunza.

Kitanzi Cha Kwanza
Mimi ni mgeni katika kazi hii na kosa langu lilikuwa kubwa. Nilinunua uzi mzuri wa sufu, gramu 100, mita kama 400, lakini haukuwa donge. Ulikuwa umekunjwa kama kitanzi kikubwa kisha ukasokotwa, mithili ya kamba nene. Sikujua kuwa uzi wa namna hiyo lazima uuzungushe kwanza uwe donge ndipo ufume. Nilikata zile nyuzi ndogo zilizofunga kitanzi, nikauweka mapajani, nikaanza kufuma moja kwa moja.

Mistari sita tu. Baada ya hapo kila nilipovuta, kitanzi kiliingia ndani ya kitanzi. Nikavuta kwa nguvu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana kilichokuwa kimelegea kikakaza na kuwa fundo la kweli. Nilitumia jioni tatu kuutatua, na siku ya pili nililia. Sufu ile ilikuwa ya kofia ya mama yangu na nilitaka kuimaliza kabla hajaanza matibabu yake. Niliimaliza, aliivaa. Lakini naomba anayeanza asome hapa: kabla hujakata chochote, tandaza kitanzi kwenye migongo ya viti viwili, au mwombe mtu akushikie kwa mikono yake miwili. Kikishatandazwa na kukazwa kidogo, ndipo ukate zile nyuzi za kufungia. Kwa kawaida mojawapo ndiyo inayoshika ncha za uzi wako, kwa hiyo angalia vizuri.

Bibi Sindano
Mwanangu Kitanzi, pole sana, na hongera kwa kuimaliza. Ningekuwa karibu ningekushikia huo uzi mwenyewe.

Nafuma tangu nikiwa msichana na nimetatua nyuzi za watu wengi. Uzi ukitatana, mkono wa kwanza usivute. Uweke mezani juu ya kitambaa cha rangi tofauti na uzi, uone vizuri. Halafu upanue: ingiza vidole katikati ya lile tita, lifungue liwe pana na jepesi, tikisa taratibu. Sehemu kubwa ya unachokiona kuwa mafundo ni vitanzi vilivyolaliana tu, vinaachiana vikipata nafasi. Ukipata ncha, anza kuzungusha donge palepale na ulipitishe donge kwenye uwazi. Ukiacha uzi uliotatuliwa uzagae pembeni utatatana upya na lile tita. Ukifika mahali pamekaza, usipalazimishe, anza upande mwingine.

Na kukata si aibu. Sufu asilia isiyotibiwa ili iingie mashine ya kufulia, ukitawanya nyuzi za ncha mbili, ukazilowesha na kuzisugua kwa viganja mpaka zipate joto, zinashikana zikawa uzi mmoja. Pamba haifanyi hivyo, wala nyuzi za plastiki.

Jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi: unapozungusha donge, usilikaze. Sufu iliyokazwa inavutika, ukaifuma ikiwa imevutika, siku ya kuifua inarudi na sweta linafupika. Mimi nazungusha juu ya vidole vyangu vitatu pamoja na donge, kila baada ya mizunguko kadhaa nachomoa vidole. Pale palipokuwa na vidole panabaki nafasi ya uzi kupumua.

Rangi Mbili
Mimi nafuma masweta ya maua, nyuzi mbili mstari mmoja, na tatizo langu halikuwa donge bali nyuzi kusokotana zenyewe. Nilikuwa nasimama kila baada ya mstari kuzitenganisha. Mambo mawili yaliniokoa.

La kwanza, kila rangi ina upande wake: donge moja kulia, jingine kushoto, na hazibadilishani mpaka kazi iishe. Rangi moja daima inapita juu, nyingine daima inapita chini. La pili ni la kazi ya kwenda na kurudi: mwisho wa mstari geuza kazi kwa mwendo wa saa, mwisho wa mstari unaofuata igeuze kinyume chake. Msokoto ulioingia unatoka. Wengi tunageuza upande uleule maisha yote, ndiyo maana nyuzi zinakuwa kamba.

Kwa picha zenye rangi nyingi, tuseme kumi kwenye mstari, usitundike madonge kumi. Kata vipande vya kama mita 1, viache vining'inie nyuma ya kazi. Vikisokotana unashika kimoja na kukichomoa kwa upole, kinateleza kutoka kwa wenzake. Ncha za kuficha mwishoni ni nyingi, sikatai, lakini bado nachagua hivyo.

Mtu wa Kroshia
Nafumia safarini. Nina chupa ya plastiki niliyoikata chini, donge linaingia, uzi unatokea mdomoni, nikafunga pale nilipokata kwa gundi ya utepe. Ule ukingo lazima ufunikwe vizuri, la sivyo unararua uzi. Nyumbani nina birika kuukuu la kauri, uzi unapita kwenye mdomo wake. Zito, halitikisiki.

Hariri
Uzi wa hariri au wa mianzi hauna mshiko, mizunguko inateleza chini yenyewe hata usipouvuta. Ninavalisha donge zima soksi nyembamba ya nailoni, nikiacha tundu la uzi kupita. Tangu nianze hivyo sijapoteza donge hata moja. Uzi wa manyoya kama moheri una shida kinyume: unang'ang'ania. Huo nauzungusha polepole na siuvuti kutoka katikati kabisa.

Daktari wa Wanyama
Naomba niongeze moja, nimeliona mara nyingi kazini. Mwenye paka asiache donge wazi, hata akienda kuchukua maji. Paka akimeza uzi, ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni, na utumbo unajikunja kuufuata na kukatika. Ukiona uzi unatokea mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Mpeleke hospitali ya wanyama saa hiyohiyo. Mfuko wenye zipu au kopo lenye kifuniko kilichotobolewa linatosha kumwokoa.

Mwanzisha mada
Asanteni mno, na Daktari hasa, nina paka wawili na bakuli langu liko wazi. Leo natafuta kopo. Rangi Mbili, nimejaribu ile ya kugeuza kulia kisha kushoto kwenye blanketi la milia: mistari ishirini, nyuzi bado zimeachana. Swali langu lililobaki ni la uzi wa koni. Nauweka wapi?

Bibi Sindano
Sakafuni, umesimama wima, mwanangu, na uzi upande juu moja kwa moja kutoka kwenye ncha ya koni. Pitisha kwenye pete uliyoifunga juu yake, ndipo uje mkononi. Ukiuvuta kwa ubavu unadondosha koni na mizunguko inashuka kwenye kitako.