Sabuni: kwenu mnaitaje, na mlikutana nalo wapi? Tupeane uzoefu

Mpangaji_Kireka (mleta mada)

Wadau, salaam. Ninakaa Kireka, jirani na Kampala, kwenye mizigo ya kupanga, vyumba 8, bomba moja. (Watu wa pwani msishtuke, huku muzigo ni chumba, si furushi.) Jumamosi asubuhi Uganda nzima hukutana pale bombani na mabeseni: Mganda, Mnyankole, Mama Muacholi wa chumba cha mwisho, Mkongo msemaji wa Kinyarwanda, na mzee wetu Mnubi ambaye hafui chochote lakini kigoda chake hakikosi.

Jumamosi iliyopita mtoto mmoja alipita uchi, povu kichwani, analia amefumba macho. Mama yake akatoa kichwa mlangoni kuuliza amepigwa na nani. Watu watano wakajibu kwa mkupuo, kila mtu kwa lugha yake: sabbuuni, esabuuni, cabun, isabune, sabun. Mama akarudi ndani. Hakuna aliyeomba tafsiri.

Nikabaki nimeshika shati. Maji yanayotoka kwenye bomba hilohilo kila mtu ana jina lake: amazzi, amaizi, pii, amazi, na mzee Mnubi anasema moyo. Sabuni ndiyo tunayoelewana. Hili neno ni la nani? Na wewe ulikutana nalo wapi ukashtuka? Mwenye kisa akilete.

MkeWaMasaka

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Masaka. Wiki ya kwanza mama mkwe ananiangalia tu kama nitaweza kazi, nikajituma mwenyewe dukani. Nikamwambia mwenye duka, "Naomba mche wa sabuni." Sabuni hakuisikia, alisikia mche tu. Akanipimia mchele kilo moja! Kumbe kwao mchele ni omuceere, na mimi nimelimeza neno kwa aibu ya ugeni.

Nikaonyesha kwa kidole ule mche mrefu wa bluu. Akacheka, "Aaa nnyabo, omuti gwa sabbuuni!" Mti wa sabuni. Hapo na mimi nikacheka, maana nilikuwa najiona nimeingia nchi ya watu wanaopanda sabuni, halafu nikakumbuka kwamba sisi tunaouita mche ndio tulioanza kuipanda. Wao wameikuta imeshakua.

Ule mchele nilirudi nao nyumbani. Mama mkwe akasema mke wa mwanawe anajua kujiongeza. Sijamwambia mpaka leo.

Ladit_wa_Gulu

Mleta mada asante kwa kuandika cabun kwa C, na msomaji ajue hiyo C inatamkwa CH. Kiacholi cha wazee hakina S. Sukari ni cukari, wiki ni cabit kutoka Sabato. Nilipopelekwa shule ya bweni huku kusini nikiwa na miaka 13, siku ya kwanza nikauliza bwenini, "Nani ana chabuni?" Basi hilo likawa jina langu miaka minne. Chabuni njoo, Chabuni umepata barua. Mpaka mwalimu wa zamu akaniita Chabuni kwenye mstari wa asubuhi.

Wanaonicheka ni hao hao ambao redio kwao ni leediyo.

Bibi yangu alikuwa anatengeneza yake kwa moo yaa, yale mafuta ya mti wa yaa (shea kwa Kiingereza), na maji ya majivu. Nyeusi, laini, haina povu la kujionyesha, lakini ngozi ilikuwa inang'aa. Na hiyo yake pia aliiita cabun. Kitu anakipika mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa mti wa kwao na majivu ya jiko lake, halafu jina la mgeni! Hilo sijawahi kulielewa.

Mwl_Mstaafu_Jinja

Ladit, bibi yako yuko kwenye msafara mrefu kuliko unavyodhani. Mniruhusu nikae kidogo hapa, maana nimefundisha Kiswahili katika nchi ambayo wengi walikiogopa kama lugha ya askari, na nafasi kama hizi hazikuwa nyingi.

Sisi Waswahili tumelipata kwa Waarabu, sabun, tukalitia i mwishoni kama tulivyozoea. Lakini Waarabu nao si wenye nalo. Walilipokea upande wa Wagiriki, na kwa kuwa Kiarabu hakina P, sapon ya Mgiriki ikawa sabun. Unaona, Ladit? Wewe huna S, Mwarabu hana P. Kila mdomo umelikwangua kidogo.

Mgiriki alilitoa kwa Mrumi, sapo. Na Mrumi naye, cha ajabu, hakuwa mtu wa sabuni. Alijipaka mafuta, akajikwangua na kifaa cha chuma, akaingia kwenye maji. Plinius, aliyeandika katika karne ya 1, anaitaja sapo kama kitu cha watu wa Gallia, Ufaransa ya leo, kilichotengenezwa kwa mafuta ya wanyama na majivu. Kazi yake? Kutia nywele wekundu. Tena anasema kwa Wajerumani waliokipenda zaidi ni wanaume kuliko wanawake. Kwa hiyo hilo jina linalofua nepi pale Kireka lilianza kama dawa ya nywele ya vijana wa kaskazini.

Neno lenyewe Warumi walilichukua kutoka lugha za Kijerumani za kale. Mwingereza ndiyo soap yake, Mjerumani Seife. Kutoka Kilatini Mfaransa akapata savon, Mwitalia sapone, Mhispania jabón, Mreno sabão. Na hao Wareno wakapanda merikebu. Wajapani walisikia kwao wakasema shabon. Leo sabuni ya kawaida Japani ina jina jingine, lakini mapovu wanayopuliza watoto bado ni shabon-dama. Upande wa pili Uislamu na biashara vililibeba: Mturuki sabun, Mhindi sabun, Mmalay sabun, Msomali saabuun.

Tamu kuliko zote ni ya Wafini. Wao walilidaka kwa Wajerumani wa kale, zamani sana, wakalihifadhi kama nyama iliyokaushwa: saippua. Tena wana neno, saippuakivikauppias, maana yake mfanyabiashara wa mawe ya sabuni, lenye herufi 19, na ukilisoma kutoka nyuma linakuja lilelile. Nilikuwa nikiliandika ubaoni siku ya mwisho ya muhula. Hakuna darasa lililokubali kutoka kabla ya kulikagua herufi kwa herufi.

Boda_Ntinda

Mwalimu, mimi nilisoma mahali kwamba kuna mlima karibu na Roma unaitwa Sapo, walikuwa wanachinja wanyama wa kafara, mafuta yanachanganyika na majivu, mvua inashusha mtoni, wanawake wakifua nguo zinatakata. Ndiyo jina likatoka hapo.

Mwl_Mstaafu_Jinja

Hadithi hiyo nzuri, na hata kikemia inakubalika: mafuta na majivu ndiyo sabuni. Kasoro yake ni moja tu, mlima haupo. Hakuna mwandishi wa kale anayeutaja. Wapo pia wanaosema ni mji wa Savona kule Italia. Mji upo, ila hadithi haina ushahidi.

Boda_Ntinda

Na nimeshawasimulia abiria wangapi jamani.

Hajjati_Bombo

Wanangu, huyo mzee wa Kireka ni wetu, mpeni heshima yake na kigoda chake. Sisi Wanubi hatukusubiri Mswahili wala merikebu. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan; Lugard, yule kapteni Mwingereza, akawatoa huko Ziwa Albert mwaka 1891, wakashuka na Kiarabu chao mdomoni. Sabun yetu imetembea kwa miguu kutoka Sudan.

Ndiyo maana nawauliza: mbona watu husema Kiarabu kilikuja Uganda kwa njia ya pwani tu? Wafanyabiashara wa Zanzibar walifika kwa Kabaka, sawa, ndiyo mkapata edduuka na ekitabo na ssukaali. Lakini Nile nayo ni njia. Ladit, cukari yako ina i mwishoni kama ya Mswahili. Cabun yako haina. Mimi masikio yangu yananiambia moja ilikuja na msafara wa pwani, nyingine ilikuja na sisi. Mwalimu anikosoe.

Na hilo la moyo lisipite. Nilipokuwa msichana, alikuja fundi mmoja kutoka Mombasa kupaka nyumba yetu rangi. Siku ya jua kali mama akaniita kutoka ndani, "Jibu moyo!" Maana yake leta maji. Kijana wa watu akashusha brashi. Alidhani naambiwa nimjibu moyo wake, na sijui moyo wake ulikuwa umeshauliza nini. Nilipotoka na kata ya maji akaichukua bila kunitazama. Rangi ya ukuta ule ilitoka na mawimbi.

Mwl_Mstaafu_Jinja

Hajjati, sikukosoi. Hoja ya ile i nitalala nayo.

KyeyoRudi

Mimi nilikuwa kyeyo, yaani kibarua ughaibuni, Riyadh, miaka miwili. Kadama, mfanyakazi wa ndani. Kiarabu sifuri. Siku ya kwanza madam ananionyesha jiko, anaongea mfululizo, mimi natikisa kichwa tu. Ghafla nikasikia "sabun". Dada zangu, machozi yalinitoka. Katika nyumba ile yenye milango mizito na watu wasionijua jina, kulikuwa na kitu kimoja kinachoitwa kama kinavyoitwa kwetu. Siku ile nikaanza kuwinda: sukkar nikaikamata, saa nikaikamata, kitab nikaikamata. Kiswahili ambacho mjomba alikuwa ananifundisha nikiwa Mbale na mimi nakikimbia, ndicho kilichonilisha.

Lakini kilinichoma pia. Asubuhi moja madam yuko juu ngazini, kuna kitu kimemwagika. Akapiga kelele, "Sabun! Moya!" Nikasikia sabuni moja. Nikapanda mbio na kipande kimoja cha sabuni, nimekishika kwa mikono miwili kama ninapeleka sadaka. Akakiangalia, akaniangalia. "Moya! Moya!" Nikashuka, nikapanda na kingine kimoja. Mara ya tatu ndipo mtoto wao akaja na ndoo kunionyesha. Moya kwao ni maji.

Sasa nasoma Hajjati anasema moyo ni maji! Mama, ungekuwa umeniambia mapema.

Hajjati_Bombo

Mwanangu pole. Ungepitia Bombo kwanza, wiki mbili zingekutosha.

Msamia_Busia

Mimi sina lugha, nina katoni. Nilipokwenda kwanjula (kujitambulisha ukweni) upande wa Masaka mwaka juzi, orodha ya vitu ilikuwa na sukari, chumvi, mikate, nyama, na sabuni. Nikaona sabuni ni kitu kidogo, nikanunua miche 10. Msemaji wetu akanivuta pembeni, "Ssebo, unaoa au unakwenda kufua?" Tukarudi barabarani kutafuta katoni mbili, msafara wa mashangazi wenye gomesi, yale magauni ya sherehe, umesimama juani unasubiri. Mke nilipewa. Ila shangazi mmoja mpaka leo ananiita Bwana Miche.

Boda_Ntinda

Na msisahau kila miaka 5 sabuni inakuja bure mpaka mlangoni, na karatasi yenye sura ya mtu. Kijijini kwetu bibi mmoja alikuwa anazipanga dirishani bila kuzitumia, anasema za huyu, za yule, tuone nani atarudi. Zikakauka zikapasuka.

Safi_Nakivale

Jambo wote. Mimi ni wa Kivu, Kongo, niko Nakivale, makazi ya wakimbizi. Hapa sabuni tunaipata kwa foleni, na foleni ndiyo shule. Mbele yangu Mrundi anasema isabuni, nyuma Msomali anasema saabuun, anayeandika majina ni Mnyankole, esabuuni. Kwetu tulikuwa tukichanganya na Kifaransa, wengine savon. Ukiwa mgonjwa unatuma jirani wa lugha yoyote, ataleta kitu sahihi. Ukimtuma chumvi ni shauri lingine, atarudi kukuuliza mara mbili.

Mimi nilitaka kumuuliza Ladit: ile ya bibi, majivu alikuwa anayachuja vipi? Nilijaribu hapa kwa mafuta ya mawese ikakataa kuganda.

Ladit_wa_Gulu

Dada Safi, alikuwa ana chungu kilichotobolewa chini, anatandika nyasi ndani, anajaza majivu, anamwaga maji juu taratibu. Yanayodondoka chini yana rangi ya chai. Hayo ndiyo alichemsha mpaka yakapungua, halafu ndipo mafuta. Ila usitegemee igande kama ya dukani. Ya majivu hubaki laini, ya bibi ilikuwa kama uji mzito, tunaichota kwa kidole. Na maji hayo usiyaguse kwa mkono, yanachoma.

Safi_Nakivale

Kumbe ilikuwa imeiva, nikaimwaga! Nitajaribu tena Jumapili.

Mpangaji_Kireka

Wadau nimesoma zote, nitarudi kujibu moja moja. Kwa sasa nimeitwa bombani. Nguo zangu ziko kwenye beseni, mche wangu niliuacha juu ya ukuta, na wote watano wananiambia hawajaona sabuni, kila mtu kwa lugha yake.