Walatino wahamiaji Marekani na meno mabovu: tulaumu kijiji au makaratasi?

Mzawa wa Muheza:
Wakuu salama? Niko Fresno, California, napiga kazi ghala la kufungasha matunda na pale wengi ni Wameksiko. Kuna wa mjini, Guadalajara huko, na kuna wa milimani Oaxaca ambao Kihispania wamejifunzia ukubwani, kwao wanaongea Kimixteco. Basi wa mjini wanawacheka wenzao eti meno yameoza kwa ushamba, jino likiuma wanabandika karafuu na kusubiri mpaka shavu livimbe, hospitali wanaenda kung'oa tu.

Mimi nabisha. Sikatai, aliyekulia kijiji kisicho na daktari wa meno hana habari ya kwenda kucheki jino lisilouma, hata kwetu ni hivyo. Ila angalieni wa mjini wenye makaratasi ya kuishi huku wanafanyaje: wanaendesha usiku kucha mpaka upande wa Yuma, Arizona, wanavuka mpaka kwa miguu wanaingia Los Algodones, kamji ka Meksiko ambako kila mlango ni daktari wa meno, wanatibiwa kwa bei poa wanarudi. Yule wa Oaxaca asiye na makaratasi akivuka ndo basi tena. Sasa ushamba uko wapi hapo?

Kibogoyo:
Mkuu umeruka Medi-Cal. California walifungua hiyo bima ya wenye kipato kidogo hata kwa wasio na makaratasi, 2024 wakamalizia kundi la miaka 26 mpaka 49, na meno yamo. Mtu ana kadi na bado haendi, hayo ni mazoea ya kwao bana.

Mzawa wa Muheza:
Kaka, bajeti ya 2025 hao hao California wakageuka: kuanzia Januari 2026 mtu mzima asiye na makaratasi haandikishwi upya, na waliomo wakapangiwa kuondolewa huduma ya meno Julai 2026, inabaki dharura. Na dharura ndo nini kama sio hilo shavu kuvimba? Yaani serikali yenyewe inamwambia asubiri. Halafu hata ukiwa na kadi, sio kila daktari wa meno anaipokea, ukimpata anakupangia saa nne asubuhi siku ya kazi, msimu wa zabibu za kukausha, na wewe unalipwa kwa trei.

Dada Chausiku:
Mmekomalia matibabu tu, sukari je? Msijidanganye kijijini watu wanakula mahindi na maharage peke yake. Nyanda za juu za Chiapas, kusini mwa Meksiko, pale San Juan Chamula, soda inaingia mpaka kanisani kwenye tambiko. Meksiko ikaweka kodi ya peso moja kwa lita 2014, mnadhani kwa ajili ya watu wa mjini tu?

Kijana wa Ngaramtoni:
Habari ya floridi, yale madini ambayo kidogo yanakinga meno yasioze ila yakizidi yanayatia rangi, tuulizeni sisi wa Arusha 😂 Meksiko wanaitia kwenye chumvi ya mezani, isipokuwa sehemu ambazo maji yake tayari yana nyingi, mfano Aguascalientes, huko meno yanakuwa ya kahawia kama yetu. Marekani miji mingi inatia kwenye maji ya bomba. Sasa mhamiaji kaacha chumvi yake, kafika huku bomba haliamini maana alikotoka ukinywa unaharisha, ananunua maji ya chupa, mtoto anakosa kote kote. Hapo wa mjini na wa kijijini ngoma droo. Na msiwalaumu, hilo bonde la Fresno kuna vijiji vya wafanyakazi wa mashamba visima vimejaa naitreti ya mbolea.

Kibogoyo:
Kwenye maji nimewaelewa. Ila Mzawa hujanijibu: wawili wote hawana makaratasi, ghala moja, mshahara mmoja, kwa nini wa Guadalajara anatafuta kliniki ya bei nafuu na wa Oaxaca anatafuta karafuu?

Mzawa wa Muheza:
Kwa sababu kliniki ikiweka mkalimani inaweka wa Kihispania, fomu nazo Kihispania, wanaona mtu wa Meksiko wanajua wamemaliza. Wa Oaxaca anaitikia sí, sí (ndiyo, ndiyo), anasaini kitu ambacho hajakielewa, jino ambalo pengine lingezibwa linang'olewa, mwezi ujao unataka arudi kufanya nini? Tofauti hiyo ya kijiji na mji naikubali, ila wa kuulizwa ni kliniki, sio yeye.