Jaketi la Salma la kwenda kwenye theluji

Salma: Shikamooni. Niko mitumba ya Mwanga, nimeona jaketi la skii nene kama godoro, elfu 35. Nichukue? Innsbruck, kule Austria, naenda Januari kuteleza kwenye theluji.

Bamkubwa: Marahaba. Usilipe bado. Ligeuze, tazama mishono kwa ndani. Imebandikwa utepe wa kuzuia maji?

Salma: Mabegani na kwenye kofia tu. Ubavuni hamna.

Bamkubwa: Hilo ni la theluji kavu. Theluji ya majimaji itapenya ubavuni. Tafuta lenye utepe kila mshono, na lebo isome 10,000 kwenda juu. Hizo ni milimita za maji ambazo kitambaa kinahimili kabla hayajapenya. Namba ya pili ni ya kutoa jasho, nayo isipungue 10,000.

Kaka Idi: Kwangua ndani kwa kucha. Ukiona magamba au unga mweupe, rudisha. Utando wa ndani wa kuzuia maji umeoza, hakuna fundi wa kuurudisha.

Mamdogo: Na unene usikuhadae mwanangu. Jaketi nene hulipunguzi: ukishuka mlima unatokota, ukikaa kwenye lifti ya kukupandisha mlimani lile jasho linakugandisha. Chukua jembamba la kuzuia maji na upepo, joto litoke kwa nguo za ndani. Kwenye ngozi vaa sufu ya merino au poliesta ya kubana. Pamba hapana, hata fulana moja! Inashika jasho wala haikauki. Kukiwa na jua na digrii 0 hadi 5, hiyo na jaketi basi. 10 chini ya sifuri, ongeza flisi, lile sweta laini la manyoyamanyoya, katikati. 20 chini ya sifuri, juu ya flisi weka kikoti chepesi cha manyoya ya bata, ila kisilowe, manyoya yakilowa hayana joto.

Salma: Simu inasema Innsbruck leo ni digrii 2.

Kaka Idi: Mjini hapo, mita 570 hivi juu ya bahari. Ukipanda hadi 2,200 toa kama digrii 10, upepo bado hujauhesabu.

Mamdogo: Jaribu ukiwa na sweta zito. Inua mikono, kiuno kisionekane. Zipu za kwapani zipo?

Salma: Hili la bluu zipo, utepe kila mshono, 15,000 zote mbili. Anataka elfu 50.

Bamkubwa: Dondoshea maji begani. Yakisimama matone, lipa. Yakitandaa, mwombe akupunguzie, dawa ya nje ya kufukuza maji imechoka tu. Fua kwa sabuni isiyo na kilainisho, suuza mara mbili, likikauka tandaza kitambaa juu yake, kisha pitisha pasi ya moto mdogo. Yakiendelea kutandaa, paka dawa mpya ya kupulizia.

Salma: Yametandaa. Kashuka hadi elfu 42.

Bamkubwa: Chukua.