Iafoni za kuzuia kelele, kwenye boksi niangalie nini hasa?

Msafiri_Kimya

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nimezunguka kwenye hili mpaka kichwa kinauma. Nataka kununua iafoni ndogo zisizo na waya, zile zinazoingia sikioni kabisa na zinazozima kelele, za kutumia kila siku. Matumizi yangu ya kawaida tu, asubuhi na jioni nipo kwenye basi, mchana nipo ofisini chumba kimoja na wenzangu na kuna feni inaunguruma kutwa nzima, jioni natembea kidogo. Muziki nasikiliza ila sana sana ni podikasti na vitabu vya kusikiliza, kwaiyo sitafuti besi ya kutikisa madirisha, nataka nisikie maneno bila kupandisha sauti mpaka mwisho.

Shida ni maboksi jamani. Hili limeandikwa ANC, lile ENC, jingine vyote viwili, huyu anasema desibeli 35 yule 50, afu kuna LDAC, kuna Bluetooth 5.3, muuzaji ukimuuliza anakwambia "hii ndo kali bosi" imeisha hiyo. Zile za bei iliyosimama zinafanya kazi kweli au tunalipia jina? Na sikio langu la kushoto ni dogo, kila iafoni inadondoka upande huo. Swali la mwisho, hii kitu ya kuzima kelele haina madhara masikioni?

Fundi_Mawimbi

Karibu mkuu. Tuanze na hizo herufi maana hapo ndo watu wengi wanapigwa. ENC haihusiani na masikio yako wewe kabisa. ENC ni ya maiki, inamsaidia yule unayeongea naye kwenye simu asisikie upepo na honi za huko uliko. Unayoitafuta wewe ni ANC, hiyo ndo inazima kelele unazosikia wewe. Boksi likiwa na ENC peke yake lirudishe kwenye rafu hata kama limechorwa mtu kafumba macho kwa raha zake.

Inavyofanya kazi ni hivi, nje ya iafoni kuna maiki ndogo inasikiliza kelele, chipu inatengeneza wimbi la kinyume chake, kelele inapopanda lenyewe linashuka, yakikutana yanafutana. Wazo la zamani sana hili, Paul Lueg wa Ujerumani alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, ila mpaka hedifoni za marubani za Bose zinaingia sokoni ilikuwa 1989, na kuibana teknolojia yote hiyo kwenye kitu kinachoingia sikioni bila waya ni mambo ya juzijuzi tu. Zilizo nzuri zina maiki nyingine upande wa ndani, inakagua kilichopenya ili chipu irekebishe palepale. Hizo wanaziita haibridi.

Sasa ambacho muuzaji hatakwambia ni kwamba ANC inafuta vizuri sauti nzito zisizobadilika, injini ya basi, feni, kiyoyozi, injini ya ndege. Sauti kali na za ghafla, mtu kacheka, mtoto analia, kijiko kimedondoka sakafuni, mawimbi yake ni mafupi mno, chipu ikichelewa kidogo tu hesabu yote inaharibika. Hizo zinazuiwa na kile kimpira kilichoziba sikio, umeme hauna kazi hapo. Kwaiyo ofisini kwako feni itapotea lakini yule jamaa anayeongea na simu kwa sauti utaendelea kumsikia, tena mwanzoni utaona kama ameongeza sauti kwa sababu ule mngurumo uliokuwa unamfunika haupo tena. Watu wanarudisha iafoni nzima kabisa wakidhani ni mbovu.

Desibeli za kwenye boksi ni kilele, yaani pale ilipozima zaidi kwenye masafa fulani ya sauti (uzito au wembamba wake), tena maabara. Haina maana kila kelele itashuka 50. Kwa makadirio, sauti ikishuka desibeli 10 sikio linaiona kama imebaki nusu, na kila kampuni inajipimia kwa njia yake, kwaiyo 35 ya huyu inaweza kumshinda mwenye 50 yake. Mi namba hiyo siitazami kabisa.

BibiRedio

Mi napingana kidogo na hii shauku ya ANC. Kuna sisi ambao ikiwashwa tu masikio yanaziba kama ndege inapopanda, na tukiendelea kuvaa kichwa kinaanza kugonga. Kama unasikiliza watu wakiongea, iafoni ya kawaida yenye vimpira vya sponji vinavyoziba vizuri inatosha, na hela inayobaki unanunua vitabu. Mwenye swali ajaribu kuvaa kwanza kabla ya kulipa.

Fundi_Mawimbi

BibiRedio ni kweli wapo wanaosikia hivyo, ila hewa ya sikioni haijabanwa popote, ni hisia tu. Tafuta zenye viwango vya ANC, ukiiweka ya chini wengi wanapata nafuu. Nyingine zinapima kelele ya mahali ulipo zinajirekebisha zenyewe. Ikishindikana basi ndo hivyo, siyo lazima kila mtu.

SikioLaKushoto

Mkuu hilo la kudondoka ndo jambo kubwa kuliko herufi zote za boksini, niamini. Kimpira kikiwa hakijaziba, besi inatoka na kelele nzito inaingia palepale ambapo ANC ilitakiwa kufanya kazi. Iafoni ya bei mbaya iliyokaa vibaya inashindwa na ya kawaida iliyokaa sawa.

Masikio ya mtu hayafanani, kwaiyo hakuna sheria kwamba pande zote zivae saizi moja. Kwenye boksi kuna vimpira S, M na L, weka S kushoto na M kulia kama ndo vinakaa, hakuna atakayekuona. Uvaaji nao una namna yake, mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka, sukuma iafoni ndani taratibu kisha izungushe kidogo kuelekea nyuma mpaka uhisi imekaa. Afu piga wimbo wenye besi ya kuendelea na ubonyeze iafoni kwa kidole polepole. Besi ikiongezeka ghafla unapobonyeza, ujue palikuwa panavuja, badilisha saizi. Ikibaki vilevile upo sawa. Programu za simu za iafoni nyingi zina kipimo cha hiki kitu, inapiga sauti fulani inakwambia panavuja au la, ila jaribio la kidole mi naliamini zaidi. Tafuna tafuna pia, ongea, cheka, kama inalegea taya likicheza hiyo saizi siyo yako.

Vya sponji alivyotaja bibi hapo juu ni vizuri kwa sikio sumbufu kama la kwako, unakiminya kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, unaingiza haraka, unashikilia mpaka kifutuke na kujaza tundu. Vinachakaa mapema na havioshwi ovyo. Kabla ya kuvinunua angalia mdomo wa iafoni yako, kuna wa duara na kuna wa yai, na angalia kama kiboksi cha kuchajia kitafunga, maana kimpira kinene kinaweza kuinyanyua iafoni isiguse vile vipini, vyuma vidogo vya kupitishia chaji, asubuhi unakuta upande mmoja umekufa.

Na usafi. Upande mmoja ukianza kusikika chini mara nyingi ni nta ya sikio imeganda kwenye kile kiwavu cha mdomo wa iafoni. Toa kimpira, geuza kiwavu kiangalie chini, piga piga na brashi laini kavu ili uchafu udondoke. Usichokonoe na pini, unausukuma ndani ndo umemaliza kazi.

Msafiri_Kimya

Aisee asanteni sana, hilo la ENC sikulijua kabisa, nilikuwa karibu kulipia moja. BibiRedio nitajaribu kuvaa kwanza.

Nina nyingine. Nafanya vikao vya video kwenye kompyuta na simu ipo mezani, nataka iafoni ishike vyote viwili. Ila nilipoazima za mwenzangu, muziki ulikuwa safi, kikao kilipoanza tu sauti ikawa nyembamba utadhani simu ya kukoroga. Hiyo ni mbovu au? Na LDAC ina ulazima?

Kodeki_Mpole

Siyo mbovu, ndo Bluetooth ilivyo. Ukiwa unasikiliza tu inatuma sauti nzuri ya stereo, kushoto na kulia, na inakwenda njia moja tu, kutoka kwenye simu au kompyuta kuja sikioni. Kikao kikifungua maiki ya iafoni, inabidi sauti iende na irudi, mfumo unahamia hali ya simu, mono (sauti moja kwa masikio yote), masafa yamebanwa, ndo huo wembamba. Suluhisho la bure kabisa ni kuingia kwenye mipangilio ya kikao, maiki uchague ile ya kompyuta yenyewe, spika uache iafoni. Sauti inarudi kuwa nzuri saa hiyohiyo, na wenzako mara nyingi watakusikia vizuri zaidi pia. Kuna mfumo mpya, LE Audio wenye kodeki (njia ya kubana sauti ili ipite hewani) ya LC3, unaopunguza tatizo hili, ila lazima kompyuta na iafoni zote ziwe nao, upande mmoja hautoshi.

Kushika vifaa viwili wanaita maltipointi, hakikisha imeandikwa, usichanganye na zile ambazo zinakumbuka vifaa viwili lakini zinaunganisha kimoja kwa wakati. Hizo itabidi uzime huku uwashe kule kila simu ikiita, inachosha.

LDAC nayo ni kodeki, inafika kilobiti 990 kwa sekunde, na kwa muziki mahali patulivu unaweza kuona tofauti, ila ni ya Android. iPhone inatumia kodeki za AAC na SBC, haina LDAC wala aptX, kwaiyo mwenye iPhone anayelipia ziada kwa ajili ya LDAC amelipia maandishi. Kwa podikasti sahau kabisa, zenyewe nyingi zimeshabanwa kabla hazijakufikia, hakuna kodeki itakayorudisha kilichokatwa. Bluetooth 5.3 nayo haikuongezei utamu wa sauti.

Kitu kingine kidogo, sauti ikikatika katika ukiwa unatembea, hamisha simu mfuko. Bluetooth inatumia gigahetzi 2.4 na mwili wa mtu umejaa maji, unameza hayo mawimbi vizuri sana. Simu mfuko wa nyuma kulia na iafoni inayopokea ipo kushoto, hapo kiuno chako chote kimesimama katikati.

Dada_Tabibu

Naongezea la afya maana limerukwa. ANC yenyewe haidhuru, ile sauti ya kinyume ni ndogo tu. Kinachoua masikio ni kupandisha sauti ili ushindane na injini, na hapo ANC inasaidia kwa kuwa huna cha kushindana nacho. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 usizidishe saa 40 kwa wiki, ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, ona ilivyoshuka. Simu nyingi siku hizi zinakuonyesha wastani wako kwenye mipangilio ya sauti, pitia uone, wengi wanashtuka. Sikio likilia nziii baada ya kuvua, ulikuwa juu mno.

Pili usivae kutwa, tundu linaloziba muda wote linakuwa na unyevu na linawasha. Likitoa majimaji au likiuma acha kuvaa uende hospitali.

Tatu hiyo matembezi yako ya jioni, kama unapita barabarani tumia hali ya kupitisha sauti za nje, ambapo maiki zinakuletea mazingira ndani. ANC inafuta kwanza mngurumo wa gari linalokuja nyuma yako, ndo sauti uliyokuwa unaihitaji. Isitoshe ukitembea na ANC kwenye upepo, maiki zinapigwa na upepo unasikia vurugu tupu, na nyayo zako zinagonga du du du ndani ya kichwa kwa sababu sikio limezibwa. Basi ndo mahali pake.

Msafiri_Kimya

Nimekupata dada, barabarani nitaacha. Betri je, na maji? Natoka jasho vibaya mimi.

Fundi_Mawimbi

Angalia saa zilizoandikwa "ANC ikiwa imewashwa", siyo ile namba kubwa iliyojumlisha na kiboksi. Saa 5 mpaka 8 kwa chaji moja ni kawaida. Kumbuka betri zake ni vidude vidogo na kwenye iafoni nyingi hazibadilishwi, zikichoka ndo basi, kwaiyo kiboksi usikiache kwenye gari juani, joto linazimaliza mapema. Kama programu yake ina sehemu ya kuzuia chaji isijae kabisa, iwashe.

Jasho tafuta angalau IPX4, IPX ni kipimo cha kinga ya maji, na hiyo ya 4 ni ya matone na michirizi. IPX7 inavumilia kuzama maji yasiyo na chumvi mita 1 kwa dakika 30, lakini jasho lina chumvi, vyovyote vile futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha kwenye kiboksi, maana kiboksi chenyewe mara nyingi hakina kinga yoyote na vile vipini vinaota kutu. Na kabla hujalipa muulize muuzaji kama anakubali kurudishiwa ukishavaa, wengine wanakataa kwa sababu ya usafi. Akikataa, vaa palepale dukani, piga ile besi, bonyeza kwa kidole.